Jibu la mtaalamu: Je, simu imeua msiba?

Swali: "Ninafundisha kidato cha tatu hapa Tanga. Wanafunzi wangu walifanya mdahalo kuhusu kama teknolojia inaharibu utamaduni, na upande uliosema inaharibu ulishinda kwa kumnukuu babu wa mmoja wao, ambaye husema kwamba simu imeua msiba: zamani mtu alikuja kwa miguu yake, siku hizi anatuma pesa na kubaki nyumbani. Sikuridhika, lakini sikuwa na la kuwajibu. Je, teknolojia ndiyo inayoubadilisha utamaduni, au utamaduni ndio unaoiongoza teknolojia?"

Jibu: Mwalimu, naomba kwanza unifikishie shikamoo zangu kwa babu huyo, kwa kuwa alichokiona ni kweli, na sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa kueleza kwa nini ni kweli ingawa sababu anayoitoa haitoshi. Nimefuatilia desturi za mazishi za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na lawama kama yake nimeisikia kwa wazee wa dini na makabila mbalimbali. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa humo humo msibani bila kutoka. Swali lako likijibiwa kwa ujumla huishia kwenye kauli ya kwamba vitu hivi viwili huathiriana, na kauli hiyo, hata ikiwa sahihi, haimwonyeshi mwanafunzi chochote.

Tuanze na msiba anaoukumbuka babu. Nina hakika kwamba katika msiba huo palikuwa na meza ndogo karibu na njia ya kuingilia, na nyuma ya meza aliketi kijana mwenye mwandiko mzuri, mbele yake pana daftari, akiandika jina la kila aliyetoa rambirambi na kiasi alichotoa. Daftari lile lilikuwa teknolojia, na noti za benki vilevile. Kabla yake watu walileta mchele, kuni, nazi au mbuzi, na kumbukumbu ya nani kaleta nini ilikaa vichwani, hasa vichwani mwa kina mama waliosimamia jiko. Kumbukumbu ya namna hiyo husahau kidogo na husamehe kidogo. Aliyeleta pishi moja ya mchele katika mwaka wa njaa aliweza kukumbukwa kama mtu aliyeleta chakula, bila pishi kuhesabiwa. Daftari halisahau wala halisamehi. Familia iliyofiwa ililihifadhi kabatini, na siku jirani alipofiwa lilifunguliwa ili ijulikane yeye alitoa ngapi, wasije wakatoa pungufu. Rambirambi, ambayo ilikuwa pole, ikaanza kuchukua sura ya deni linalolipwa kwa zamu. Badiliko hilo lilikuwa kubwa, lakini simsikii mtu akisema kwamba daftari liliua msiba, kwa sababu waliozaliwa likiwapo wamelihesabu kuwa sehemu ya mila.

Ninaleta daftari mapema ili tusije tukaupanga ubishi huu kana kwamba upande mmoja umekaa utamaduni mtupu na upande mwingine vyombo vitupu. Ninavyoona mimi, mwendo wenyewe ni kama ifuatavyo. Jambo lisilowezekana haliwi wajibu wa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna anayelaumiwa kwa kutofanya asichoweza. Chombo kipya kinapofika huleta uwezekano, na mwanzoni uwezekano huo hutumiwa na wachache wenye mali au wenye haja kubwa. Kisha jamii, kwa kufuata mambo iliyoyathamini tangu kabla ya chombo hicho, huamua ni uwezekano upi utakaogeuzwa kuwa wajibu na upi utakaoachwa upite, na katika kuamua huko utamaduni ndio unaoongoza. Lakini wajibu unaozaliwa hivyo si ule wa zamani, kwa sababu umebeba umbo la chombo kilichouwezesha: bei yake, kasi yake, mipaka yake na namna yake ya kutunza kumbukumbu.

Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote unatoka kwa Waluo wa kando ya Ziwa Victoria. Kwao mtu mzima anatakiwa azikwe nyumbani, katika boma lake, kwa kuwa kaburi lake huthibitisha mahali pake katika ukoo na katika ardhi. Je, aliyefia mbali, au aliyezama ziwani na mwili wake usipatikane, alifanyiwaje zamani? Alizikiwa tunda la yago, mti ambao kwa Kiswahili huitwa mwegea, wenye matunda marefu na mazito. Tunda lilizikwa mahali pa mwili ili roho ya marehemu isibaki bila makao. Naona katika tunda hilo hekima kubwa. Jamii ilijua kwamba kuna miili isiyoweza kurudi, na ikaweka njia ya heshima ya kulitimiza lisilowezekana.

Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu. Katika miongo iliyofuata wanaume wengi wa nchi hiyo walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, kwenye karakana za reli, na katika miji ya Nairobi na Mombasa, na kufia mbali kukaacha kuwa ajali ya nadra. Vyama vya watu wa mijini, Luo Union kikiwa kimojawapo, vilichukua mzigo wa kuwasaidia wanachama katika shida zao, na kuurudisha mwili nyumbani kulikuwa miongoni mwa shida hizo. Vyombo vya kufanyia kazi hiyo vilikwishakuwapo, ingawa kila kimoja kililetwa kwa haja nyingine kabisa: chumba cha maiti cha hospitali kililetwa kwa ajili ya uchunguzi wa vifo na afya ya umma, dawa ya kuzuia mwili usioze ilitoka katika maabara, na lori na basi vililetwa kwa biashara. Waliovikusanya vyote vikawa njia moja ya kumrudisha mtu kwao ni watu waliokuwa na desturi ya kuzika nyumbani. Walipokwisha kuvikusanya, tunda la yago likabaki kwa wale tu ambao miili yao haikupatikana kabisa, na familia iliyomzika mtu wake mjini, jambo ambalo zamani lingeeleweka, ikaanza kuonekana imemtupa.

Ndipo ikaja kesi ya Silvano Melea Otieno, wakili maarufu wa Nairobi aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Upper Matasia karibu na Ngong. Ukoo wake wa Kiluo, Umira Kager, ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya, alikozaliwa. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 baada ya kufa kwake. Wengi wameisoma kesi hiyo kama pambano la mila na usasa, au la ukoo na mke, na hawakukosea. Mimi huliona humo jokofu pia. Bila chumba cha baridi kule Nairobi kesi isingekuwapo, kwa kuwa hakuna mahakama inayoweza kusikiliza mashahidi, kutoa hukumu na kupokea rufaa ndani ya siku mbili au tatu ambazo joto letu humruhusu maiti kungoja. Upande uliosimama kwa jina la mila za kale ulishinda kwa kusaidiwa na mashine, na mila yenyewe ilitoka mahakamani ikiwa imekazwa kuliko ilivyokuwa wakati wa tunda la yago. Mtu akiniuliza ni nani aliyemwongoza mwenzake hapo, jokofu au desturi, siwezi kukitaja kimoja bila kusema uongo kuhusu kingine.

Sasa, Mwalimu, uwaambie wanafunzi wako watazame hapo Tanga. Jokofu la maiti lipo, barabara ipo na magari yapo, lakini katika nyumba za Waislamu wa mjini na wa mwambao aliyefariki alfajiri mara nyingi huwa amekwisha kuzikwa kabla ya magharibi. Mafundisho ya dini yanahimiza maiti asicheleweshwe, na ardhi ya kuzikia ni popote palipo na Waislamu wa kumswalia. Uwezekano wa kungoja umefika pale pale, kwa mashine ile ile, lakini haukugeuzwa kuwa wajibu, kwa kuwa haukukuta haja inayoutafuta. Ukipanda kwenda Kilimanjaro, ambako Mchaga hutarajiwa kuzikwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, kwa wazazi wake, utakuta mambo tofauti kabisa: mwili husafirishwa kutoka Dar es Salaam usiku kucha, na ndugu wakisubiri anayetoka ng'ambo, maziko huahirishwa. Kama ingekuwa mashine peke yake ndiyo inayobadilisha watu, Tanga na Moshi zingezika kwa namna moja.

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya Afrika tu. Wamarekani walipopigana vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mwaka 1861 na 1865, familia za kaskazini zenye uwezo ziliwalipa wataalamu wa kutia miili dawa ili vijana waliofia kwenye medani za kusini warudishwe kwa treni wakazikwe kwao. Rais Abraham Lincoln alipouawa mwezi wa Aprili 1865, mwili wake ulitiwa dawa hiyo, ukasafirishwa kwa reli kutoka Washington, na katika mji baada ya mji watu walipanga foleni kumtazama usoni kabla hajazikwa Springfield, Illinois, tarehe 4 Mei. Kutia mwili dawa na kuuaga jeneza likiwa wazi, mambo ambayo kabla ya vita yalikuwa mageni kwa wengi, yakaja kuwa mazoea ya taifa zima, na kazi ya mazishi iliyokuwa ya familia na majirani ikahamia kwa wafanyabiashara. Hamu ya kumzika mtoto nyumbani iliitangulia dawa, na dawa nayo ilipokwisha kuzoeleka ikaleta hamu mpya, ya kumwona marehemu amelala kama aliyesinzia.

Nirudi kwenye habari za kifo, maana hapo ndipo simu inapoingia, na hapo ndipo ninapotofautiana na babu. Zamani habari ilipelekwa na mtu. Kijana alitumwa kijiji cha pili, wa kijiji cha pili akatuma wa tatu, na aliyekuwa mbali sana alikuja kusikia baada ya arobaini. Kisha ikaja redio. Wasikilizaji wa zamani wa Radio Tanzania Dar es Salaam wanayakumbuka matangazo ya vifo, yaliyomtaja marehemu, mahali na siku ya maziko, kisha yakaorodhesha wa kupewa habari kwa maneno kama "habari ziwafikie ndugu na jamaa wote popote walipo". Kenya nayo ilikuwa na matangazo ya aina hiyo. Chombo kilichotengenezwa ili sauti moja iwafikie maelfu kilitumiwa na watu wetu kumtafuta shangazi mmoja Kigoma, na matumizi hayo hayakutokana na mvumbuzi wala serikali. Lakini redio nayo ilidai malipo yake. Tangazo lilipaswa kuwa fupi, na ufupi huo ukalazimisha familia kuamua hadharani nani atajwe na nani aachwe, kwa utaratibu upi, na ikiwa wajane ni wawili, yupi atangulie. Yaliyokuwa yakinong'onwa uani yakawa yanatangazwa nchi nzima.

Hata hivyo redio iliacha nafasi moja wazi, nayo ni udhuru. Mtu ambaye hakufika msibani aliweza kusema "sikupata habari", na hata kama wenyeji walimtilia shaka kidogo, udhuru huo ulipokelewa, akaja kuhani baadaye, akakaa jamvini, akalia, mambo yakaisha. Simu ya mkononi iliufuta udhuru huo. Ninaamini kwamba hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote ambayo simu imeyaleta katika misiba yetu, na ni la kinyume na lile analolisema babu. Simu imewaongeza watu wenye wajibu. Binamu aliye Mwanza, rafiki wa shule aliye Nairobi, mjukuu aliye Muscat, wote hao zamani walikuwa wamesamehewa na umbali; leo wanapata habari ndani ya saa moja, inajulikana kwamba wameipata, na ukimya wao una maana.

Mara tu baada ya habari kufika, swali lilikuwa afanye nini mtu ambaye amepata habari na hawezi kufika. Jibu lilianza kubuniwa na watu wenyewe kabla ya kampuni yoyote. Nchini Uganda, kwa mfano, mtu wa mjini alinunua kadi ya muda wa maongezi, akampigia mwenye simu ya biashara kijijini na kumsomea namba za kadi, naye akauingiza muda huo kwenye simu yake, akamkabidhi mama wa mpigaji fedha taslimu baada ya kukata chake. Huduma rasmi ya kutuma pesa kwa simu ilikuja huko mwaka 2009. Nchini Kenya majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 kwa fedha za serikali ya Uingereza na za Vodafone, na lengo lake lilikuwa kuwarahisishia wakopaji wadogo wa Nairobi na Thika marejesho ya mikopo. Waliopewa simu hizo kwa majaribio wakazifanyia mengine: walitumiana pesa wao kwa wao, na mwenye safari aliweka pesa kabla ya kuondoka akazitoa alikofika. Wabunifu waliwatazama wakajifunza, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 wito wake ulihusu kutuma pesa nyumbani, wala haukuhusu marejesho ya mkopo. Tanzania iliipokea mwaka uliofuata. Wajibu wa mtu wa mjini kwa watu wa nyumbani, ambao ni wa zamani kuliko simu, ndio uliokiambia chombo kazi yake.

Ushahidi mzuri wa jambo hilo ni mahali ambapo chombo kile kile hakikushika. Vodacom iliizindua M-Pesa Afrika Kusini mwaka 2010, ikaizindua upya mwaka 2014, na mwaka 2016 ikaifunga. Si kwamba watu wa huko hawapeleki pesa nyumbani au hawajali maziko. Maziko yao ni makubwa na ya gharama. Lakini wengi walikwishakuwa na akaunti za benki, waliweza kutuma pesa kupitia maduka makubwa, na kwa upande wa msiba vyama vya mazishi na bima za mazishi vilikuwa vimeota mizizi kwa muda mrefu. Haja ile ile ilikuwa na nyumba nyingine ya kukaa.

Hadi hapa nimemkosoa babu. Sasa nikiri alipopatia. Wajibu uliopanuliwa na simu umechukua umbo la simu, na umbo hilo ni la pesa. Simu haiwezi kubeba kuni, haiwezi kuosha maiti, haiwezi kuchimba kaburi, haiwezi kukaa kimya kando ya mfiwa. Inaweza kubeba sauti, maandishi, picha na fedha, na kati ya hizo ni fedha peke yake inayoacha alama ya kwamba wajibu umetimizwa. Kwa hiyo yale yanayopita kwenye simu yamekua, na yasiyopita yamesinyaa. Nilihisi hivyo mwenyewe nilipofiwa na rafiki yangu wa utotoni na nikashindwa kusafiri. Nilituma rambirambi, ujumbe wa "imethibitishwa" ukaingia, na kwa kitambo kifupi moyo wangu ulitulia kana kwamba nimehani. Utulivu ule ulinisikitisha baadaye, kwa sababu sikumwona mjane wala watoto, nami nilikuwa nimeshajihesabu kwamba nimemaliza.

Adabu mpya zimezaliwa hapo, na zinastahili kuchunguzwa kwa uzito ule ule tunaozichunguzia za kale. Anayetuma rambirambi huongeza "ya kutolea", ili mfiwa asikatwe kwa wakala, na asiyeongeza huonekana hakulelewa vizuri. Kanuni hii haikuandikwa na mtu yeyote, nayo imetokana moja kwa moja na jinsi ada za huduma zilivyopangwa. Kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla mwili haujaondoka hospitalini, mweka hazina huteuliwa humo, na orodha ya waliotoa huzungushwa upya kila jina linapoongezeka. Orodha hiyo ni mjukuu wa daftari, ila daftari lilifunguliwa na wenye nyumba peke yao, nayo husomwa na kila mtu, usiku na mchana, pamoja na kiasi. Aliye na kidogo, ambaye zamani angefika na fungu lake la mboga akapokewa jikoni kwa shukrani, sasa hulitazama jina lake likiwa mwisho wa safu. Na pale serikali ya Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala Julai 2021, kabla ya kuipunguza Septemba mwaka huo huo baada ya malalamiko, tozo hiyo iliangukia rambirambi sawasawa na biashara, kwa kuwa mfumo hauna namna ya kutambua pesa ya kununulia sanda. Msiba ulikuwa umeingia katika mkondo ambao hatima yake huamuliwa na watu wasiomjua marehemu.

Yapo mengine ambayo nitayapita upesi, kwa kuwa yanafuata mwendo huo huo: maturubai na viti vya kukodi vilivyoyapunguza majamvi, vipaza sauti vilivyoleta washereheshaji, na fulana zenye picha ya marehemu zilizowezekana baada ya kazi ya uchapaji kuwa rahisi. Katika kila kimoja mtafiti anaweza kuuliza ni uwezekano upi uliletwa na kwa nini sisi tuliuchukua.

Jamii zetu hazijakaa tu kuyapokea hayo. Vyama vya kufa na kuzikana, ambavyo vipo katika mitaa na vijiji vingi, hupokea michango ya fedha, lakini vingi hutoza faini kwa mwanachama aliye karibu ambaye hakufika mazishini bila sababu, hata kama mchango wake umekwisha kuingia. Maana ya kanuni hiyo ni kwamba fedha na miguu ni madeni mawili, na moja halilipi lingine. Kanuni hiyo ingekuwa haina haja wakati ambapo mtu hakuweza kuchanga bila kufika. Imelazimu iandikwe kwa sababu simu imeyatenganisha mambo yaliyokuwa yakija pamoja, na walioiandika ni watu walioamua kwamba kati ya mawili hayo, kufika kusipotee. Nikitakiwa kueleza utamaduni unavyokijibu chombo, sina mfano ninaoupenda zaidi ya huo, na ningefurahi kuona vyama vingi zaidi, pamoja na makundi yetu ya simu, vikifikiri hivyo hivyo, hasa kuhusu kuonyesha hadharani kiasi alichotoa kila mtu, jambo ambalo naliona linawaumiza maskini bila kumfaa mfiwa.

Kwa darasa lako, basi, ningeacha kuuliza ni nani anayemwongoza mwenzake. Ningewatuma wanafunzi kwa babu yule na kwa wazee wengine, wakaulize swali moja: zamani, mtu ambaye hakufika msibani alikubaliwa kwa udhuru gani? Waandike kila udhuru unaotajwa, iwe mvua, mto uliojaa, ugonjwa, kukosa nauli au kukosa habari. Kisha warudi darasani na kuutazama kila mmoja, kama bado unakubalika leo, na kama haukubaliki, ni chombo gani kilichouondoa na ni nani aliyeamua kwamba usikubalike tena. Akina mama waulizwe peke yao, kwa kuwa wao ndio walioshika kumbukumbu za jikoni kabla ya daftari, na majibu yao huenda yasifanane na ya babu.